Kigari cha dizeli, Nachingwea hadi Ruangwa: kagua haya kabla hujatoa hela

Wako wengi wanaolala Nachingwea na kula mshahara Ruangwa, na wako wanaofanya kinyume chake: walimu, wauguzi, watu wa halmashauri, makarani wa AMCOS, vijana wa migodi ya kinywe. Kati ya miji hii miwili pana kama kilomita 50. Kwenda na kurudi ni kilomita 100 kwa siku, na mtu akishachoka kubanana kwenye Noah au kula vumbi juu ya bodaboda, wazo la gari dogo humjia lenyewe. Siku hizi kuna na ushauri wa kijiweni: "Tafuta la dizeli, halili mafuta."

Ushauri huo una ukweli. Kigari cha dizeli kinaifaa safari ya Nachingwea na Ruangwa kuliko kinavyomfaa mtu wa foleni za Dar es Salaam, na sababu nitaieleza. Lakini dizeli ya kisasa iliyochoka ni mzigo mzito kuliko petroli iliyochoka, na kwa macho ya kawaida zote mbili zinang'aa sawa zikishaoshwa. Kwa hiyo, twende taratibu.

1. Jua ni gari gani hasa unalolitafuta

Vigari vingi unavyoviona barabarani kwetu ni vya petroli: IST, Vitz, Passo, March, Fit. Vimetoka Japani, na Japani iliwahi kuipa dizeli mgongo. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, akasema hicho ndicho watu wa mji wake wanachovuta. Oktoba 2003 Tokyo na majirani zake wakayafungia njia magari ya dizeli, hasa malori na mabasi, yasiyofikia kiwango cha moshi walichokiweka. Wajapani wakaacha karibu kabisa kununua magari madogo ya dizeli, na sisi tunaopokea yanayotoka kwao tukayakosa.

Aliyeyarudisha ni Mazda. Mwishoni mwa 2014 walitoa Demio mpya yenye injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 1,498, ikiwa na tabo. Nyuma imeandikwa XD au SKYACTIV-D, na namba yake ya chesesi huanza na DJ5. Ikianza na DJ3, hiyo ni ya petroli ya 1.3, hata dalali aape vipi. Mtu anaposema kigari cha dizeli, mara nyingi anaizungumzia hiyo XD.

Lipo pia chaguo la kizamani: Toyota Probox ya dizeli yenye injini ya 1ND-TV ya lita 1.4, iliyouzwa Japani kati ya 2002 na 2007. Haina sura ya kuvutia, lakini inabeba. Ukiipata iliyotunzwa, usiidharau.

2. Piga hesabu ya lita, halafu ya nozeli

Chukua gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 14 kwa lita. Kilomita 100 zitakula lita 7 na ushee. Demio ya dizeli iliyo nzima inaweza kwenda kama kilomita 20 kwa lita, yaani lita 5. Umeokoa lita 2 kwa siku. Kwa hesabu nyepesi ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh6,000 kwa siku, Sh132,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi, na zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Ni hela ya kueleweka.

Sasa iweke pembeni na uulize bei ya seti ya nozeli nne, ya tabo na ya chujio la masizi. Kimoja tu kati ya hivyo kinaweza kuondoka na akiba ya mwaka mzima. Faida ya dizeli ipo pale unapokwenda mbali kila siku kwa gari zima. Kama kazi yako ni kutoka nyumbani hadi sokoni Nachingwea na kurudi, akiba yako kwa siku ni mia chache. Nunua la petroli ulale usingizi.

3. Pima urefu wa safari yako

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, na wauzaji wengi hawakigusi.

Demio ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo mafundi wote wanaliita DPF. Linakusanya masizi, na likijaa kiasi, kompyuta ya gari inaamua kuyachoma. Inanyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda ili ekzosi ipande joto hadi kama nyuzi 600, na masizi yanageuka majivu kidogo na gesi. Kazi hiyo inataka injini iliyopata moto na gari linalotembea bila kukatishwa kwa dakika kumi na tano, ishirini hivi. Usipoipa nafasi hiyo, inaanza upya kesho na kesho kutwa, hadi chujio linaziba na gari linakataa kuvuta.

Mtu wa mjini anayewasha gari, anakwenda kilomita mbili na kulizima, anaiua injini hii bila kukosea chochote kingine. Mtu anayetoka Nachingwea alfajiri na kushuka Ruangwa bila kusimama anaipa kile inachokitaka. Ndiyo sababu nasema safari yetu inaifaa. Barabara za huku ni lami, changarawe na michepuko ya ujenzi, lakini foleni hakuna, na injini inabaki kwenye mwendo wake.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali hili: "Gari ulikuwa unalipeleka wapi kila siku?" Akikwambia lilikuwa la mama kwenda sokoni na kanisani tu, wengi hufurahi. Kwa petroli ni sawa. Kwa dizeli hii, ni sababu ya kulikagua mara mbili.

Ukishalinunua, usilizime likiwa katikati ya kujichoma. Utalijua: feni inaendelea kuzunguka kwa nguvu, mlio wa injini ukiwa sailensa unabadilika, pana harufu ya kitu kinachoungua chini. Kaa ndani, zunguka kidogo, umalize.

4. Ingiza kitambaa cheupe kwenye ekzosi

Gari likiwa limepoa, zungusha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la ekzosi. Bomba la gari lenye DPF nzima huwa safi kwa kushangaza: vumbi kidogo, pengine rangi ya kijivu. Kitambaa kikitoka cheusi tii, DPF imepasuka au imetobolewa.

Kutoboa DPF kumekuwa biashara. Fundi anatoa tumbo la chujio, anaidanganya kompyuta, gari linavuta, mteja anafurahi. Sikubaliani nako. Masizi yale yanatoka usawa wa pua ya mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Zaidi ya hapo, gari lililotobolewa huwa lilizibwa na tatizo jingine kwanza, nozeli inayovuja au tabo inayopitisha oili, na tatizo hilo bado limo ndani. Likiwa limetobolewa, ama bei ishuke sana, ama liache.

5. Chomoa dipstiki, tafuta alama ya X

Funua boneti, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kwenye injini hizi za Mazda, juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Imewekwa kwa sababu maalumu. Ile dizeli ya ziada inayonyunyizwa wakati wa kuchoma masizi haiungui yote. Inateleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Oili inaongezeka badala ya kupungua. Ikigusa X, imeshakuwa nyepesi mno kulinda vyuma.

Watu wengi wakiona oili imejaa hufurahi. Wewe ukiiona imepita kujaa, inuse. Ikinuka dizeli waziwazi, gari hilo limekuwa likijaribu kujichoma bila kumaliza, au nozeli zinavuja. Weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, lisugue. Oili nzuri inateleza kwa uzito wake. Iliyochanganyika na dizeli inakatika upesi. Usitishwe na weusi wake. Oili ya dizeli huwa nyeusi hata ikiwa na siku chache.

6. Fika kabla jogoo hajamaliza

Omba kulikagua gari asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kitu kinafichwa, kwa kuwa injini ya dizeli huonyesha ugonjwa wake ikiwa baridi. Rudi siku nyingine.

Likiwa baridi, liwashe wewe. Linatakiwa kushika mara moja. Likizunguka sana ndipo lishike, shuku hita plagi, betri, au mgandamizo uliopungua. Moshi mweupe wa sekunde chache ukapotea, si neno. Usiokwisha ni kesi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unapokanyaga moto ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha: tabo, mipira yake, au njia ya hewa iliyoziba masizi. Injini hii hupenda kukusanya masizi ndani ya manifodi na kwenye vali ya EGR, na kuyasafisha ni kazi ya kutwa kwa fundi anayejua.

Halafu toka nalo nje ya mji. Tafuta mlima, kanyaga. Dizeli nzuri inakusukuma mgongo kwenye kiti ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini. Ikisitasita kama inayouliza ruhusa, rudi nalo polepole na uage.

7. Fungua buti, tafuta unga wa njano

Huku kwetu gari dogo halibebi watu tu. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, mifuko ya salfa hupanda kwenye chochote chenye matairi. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, chungulia kwenye kona za bati. Unga wa njano uliojificha pale ukikutana na unyevu wa masika hula chuma polepole, na hula zaidi pale ambapo nyaya za taa za nyuma zinapita. Ukiukuta, kwangua kidogo kwa ukucha uone kama chini yake rangi imeinuka. Siyo sababu ya kulikataa gari, ila ni sababu nzuri ya kuteremsha bei.

8. Lala chini

Tandika kanga au boksi, uingie uvunguni. Demio ina uvungu wa kama sentimita 14 tu, na kokoto za michepuko hazina huruma. Angalia sampo kama imewahi kugongwa na kuchomelewa. Angalia bushi, boljoint, shokapu zinazovuja. Halafu angalia kutu. Mikoa ya kaskazini ya Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililoishi huko huja na kutu ya ndani kwenye mabomba ya breki na kwenye fremu. Toleo la kuvuta matairi yote manne, lenye chesesi ya DJ5AS, huenda ndilo lililotumika huko zaidi. Likague kwa tochi.

9. Mtafute fundi kabla ya gari

Nachingwea inaijua hadithi ya mashine zisizo na fundi wala spea kuliko mji mwingine wowote wa kusini. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, trekta nyingi walizoanzia zilikuwa masalia ya vita yaliyonunuliwa kwa pupa. Zikafa moja baada ya nyingine, spea hakuna, mafundi hawatoshi. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Leo spea haiji kwa treni. Inakuja kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na inategemea barabara moja. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na kusini ikakaa siku kadhaa bila kupitika. Mwenye IST pengine angeokota spea gereji ya jirani. Mwenye Demio ya dizeli angesubiri.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta gari, zunguka gereji za Nachingwea, Ruangwa, hata Masasi. Uliza maswali mawili: nani ana mashine ya kupima inayoisoma Mazda vizuri, na nani amewahi kufungua injini ya SKYACTIV-D ikarudi barabarani. Mashine inayosoma taa ya injini tu haitoshi. Inatakiwa ionyeshe kiasi cha masizi ndani ya DPF na marekebisho ambayo kompyuta inafanya kwa kila nozeli. Nozeli tatu zikiwa zinakaribiana na ya nne iko peke yake, umeshampata mgonjwa. Ukikosa fundi wa namna hiyo ndani ya umbali unaoweza kuvutwa kwa kamba, chukua Probox au rudi kwenye petroli.

Mlipe fundi huyo wewe mwenyewe. Fundi anayelipwa na dalali ana ajira kwa dalali.

10. Usinunue wakati korosho inalipwa

Kuanzia Oktoba minada ya korosho inapoanza na hela za wakulima kuingia benki kupitia vyama vya ushirika, RUNALI ikiwa mama yao kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kila mwenye gari bovu anakumbuka kulipaka rangi. Bei zinapanda, madalali wanaongezeka, hakuna anayekubali ukague kwa siku mbili. Subiri. Januari ada za shule zinauma, Februari na Machi hela zimekata, mvua zinaendelea na barabara inaonyesha kila gari lilivyo. Muuzaji wa miezi hiyo anapokea simu.

11. Karatasi, bila aibu

Jina kwenye kadi ya gari lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. "Ni la shemeji yangu yuko Mtwara" maana yake ni kwamba utaongea na shemeji. Linganisha namba ya chesesi na ya injini kwenye kadi na zile zilizopigwa kwenye chuma, kwa macho yako. Thibitisha TRA kwamba gari halijazuiwa na kadi haijashikwa na benki kwa mkopo. Ingia kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, weka namba ya gari, uone madeni. Stika ya bima nayo inathibitishika kwenye mfumo wa TIRA.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela ipite benki, na uhamisho wa umiliki uanze wiki hiyohiyo. Wengi hutembea miaka na kadi ya mtu mwingine, na siku ya ajali ndipo wanagundua uzito wake.

Herufi za namba za usajili zinakwambia gari limeingia nchini lini tu. Namba E kwenye gari la 2015 haina maana ni gari la juzi.

12. Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani

Umri ndio unaouma. Juu ya ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa bidhaa na VAT ya 18%, gari la abiria lililozidi miaka 8 linaongezewa 15%, na lililozidi 10 linaongezewa 30%. Tofauti ya mwaka mmoja wa kutengenezwa inaweza kukugharimu zaidi ya nauli ya meli. Weka mwaka na aina ya gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti, na kumbuka bajeti ya kila Juni inaweza kugeuza viwango. Dai karatasi ya mnada. Gredi ya R ni gari lililopata ajali likatengenezwa.

13. Kituoni, sema "dizeli" kwa sauti

Muuza mafuta akiona kigari cha mlango wa nyuma, mkono wake unakwenda kwenye bomba la petroli wenyewe. Amezoea IST na Vitz kutwa nzima. Petroli ikiingia kwenye mfumo wa dizeli ya kisasa, pampu inakosa ulainisho, inasagika, na vumbi la chuma linasambaa hadi kwenye nozeli zote. Ni hasara inayoweza kukaribia bei ya gari.

Bandika stika kubwa ya DIZELI kwenye kifuniko cha tangi. Shuka kwenye gari. Sema. Angalia bomba limetoka upande gani. Likitokea kosa, usiwashe hata ufunguo wa kwanza; sukumeni pembeni, tangi limwagwe lote.

Jaza kwenye kituo chenye magari mengi, maana mafuta yake hayakai. Lori la mafuta likiwa linashusha, pita, rudi jioni, kwani uchafu na maji ya chini ya tangi vimevurugwa. Achana na dizeli ya madumu. Serikali imekuwa ikiweka vinasaba kwenye mafuta tangu 2010 kwa sababu uchakachuaji wa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa, na nozeli za gari hili haziwezi kabisa mafuta yaliyochakachuliwa. Chukua risiti kila mara. Malalamiko EWURA bila risiti ni hadithi. Bei kikomo za kila wilaya hutolewa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi, na za kwetu hufuata mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara.

14. Kiangazi vumbi, masika maji

Kiangazi, fungua chujio la hewa mara kwa mara na ubadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kitabu kiliandikwa kwa lami ya Hiroshima. Masika, usivuke maji yaliyofunika barabara kwa kufuata Land Cruiser iliyotangulia. Dizeli inagandamiza kwa nguvu kubwa. Maji yakiingia silinda hayagandamiziki, konrodi inapinda, na injini imekwisha hapohapo. Subiri yashuke, hata ukichelewa kazini.

15. Abiria wa kuchangia mafuta

Mwenzako wa ofisini akichangia, huo ni ujirani. Ukianza kuita abiria stendi, au kujaza watu siku timu ya Namungo ikiwa na mechi nyumbani Uwanja wa Majaliwa, umeingia biashara inayotaka leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi inaweza kukukimbia siku ya ajali. Mzigo wa watu watano kila siku pia unamaliza shokapu na kulinyima gari lako zile kilomita 20 kwa lita.

16. Wiki ya kwanza

Usimwamini mtu aliyesema oili ni mpya. Mwaga, weka oili ya dizeli yenye DPF, yaani yenye majivu machache. Kopo liwe na alama ya ACEA C3 au ya Kijapani ya DL-1. Oili ya lori ni nzuri kwa lori, lakini majivu yake yanabaki ndani ya DPF yako milele. Badilisha chujio la mafuta na umwambie fundi akuonyeshe maji yaliyomo ndani yake. Badilisha chujio la hewa. Piga picha kila maandishi ya Kijapani yanayotokea kwenye dashibodi, uyatafsiri kwa simu, ujue taa ya DPF inafananaje: ikiwaka bila kupepesa, endesha mfululizo dakika 15 hadi 20; ikipepesa, nenda kwa fundi siku hiyohiyo.

Na weka daftari dogo kwenye kikasha cha mbele. Kila ukijaza, andika tarehe, lita na kilomita. Mwezi wa kwanza utakupa wastani halisi wa gari lako kwenye njia yako. Ukiona limeshuka kutoka 20 hadi 16 bila mzigo wala mvua, linaanza kujichoma kila mara, au nozeli moja imelegea. Lipeleke likapimwe kabla taa haijawaka.